Doa Chini ya Hina

Siku ya tatu ya matanga ya Ami Seif, hapo Ibra, Omani, nilimwambia mwanamke mzima mbele ya watu kwamba anasema uongo, na mpaka leo sijutii. Tulikuwa tumejaa chumba cha wanawake, migongo ukutani, kahawa inazunguka, sahani ya tende inasukumwa kutoka goti hadi goti. Ami Seif alikuwa mume wa mama yangu mdogo, Mama Zuwena, ambaye alimtangulia kwa zaidi ya miaka arubaini, na kama ilivyo kawaida ya matanga, marehemu mpya huwafufua wa zamani. Jirani mmoja, mwanamke wa makamo yangu, alikuwa akiwaeleza wajukuu namna bibi yao alivyokufa. "Jicho," alisema, akishusha sauti. "Siku ya hina ya mama yenu. Kapendeza siku ile, mashallah, watu wakamtazama, likampata mguuni. Hakusimama tena." Wanawake wakatikisa vichwa. Na Rahma, binti wa marehemu hao wawili, bi harusi wa siku hiyo hiyo, aliyeyaona yote kwa macho yake, alikuwa ameinamia finjani yake na kutikisa kichwa pamoja nao. Hapo damu ikanichemka. Nimeshapita sitini, na nimechoka kunyamazia upuuzi. "Uongo huo," nikasema. "Mama Zuwena hakufa kwa jicho, na wakubwa wote mliomo humu mnajua." Aliyekuwa akimimina kahawa akabaki na dele mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipopelekwa Ibra kukaa na Mama Zuwena, mwishoni mwa miaka ya sabini. Nani alinipeleka na kwa nini, hayo tuyaache. Ninachokumbuka vizuri ni nyumba yenyewe: vyumba vitatu vya matofali ya saruji, bado vikinuka chokaa, vimejengwa ubavuni mwa nyumba ya udongo ya wazee wa Ami Seif. Jikoni kulikuwa na jiko la gesi la macho mawili, mbuzi ya kukunia nazi zilizoletwa kutoka Salala, na papa mkavu wa Sur aliyening'inizwa msumarini, akinukisha mpaka sare zangu za skuli. Mama Zuwena alikuwa akisomesha Kiingereza skuli ya wasichana. Alikuwa mrefu, mcheshi, akicheka unamsikia kutoka njiani, na akipika mchuzi wa papa anaimba kwa sauti mbaya sana. Nje alitoka na abaya na mtandio, na hata uani alihamisha kigoda chake kila kivuli kinapohama. Hicho kivuli nakitaja makusudi, kwa sababu baadaye kilikuja kutumiwa kama ushahidi dhidi yake.

Alasiri moja alikaa kwenye kigoda karibu na bomba, anasugua visigino kwa jiwe, mimi nammiminia maji. Alipogeuza mguu wa kushoto nikaliona: doa jeusi katikati ya unyayo, si kubwa, lakini halikuwa duara wala halikuwa na umbo lolote la kueleweka. Upande mmoja lilikuwa jeusi kabisa, upande wa pili la kahawia, na pembezoni limechuja mfano wa wino uliolowa kwenye karatasi. "Mama, una nini hapa?" nikauliza. Akajibu bila hata kutazama, "Mwiba wa mtende huo. Siku nyingi." Na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hapo Ibra hapana mguu usiowahi kuchomwa na mwiba wa mtende. Unaingia bustanini kuokota tende, mwiba unapenya kandambili, unakatikia ndani, unaacha alama nyeusi. Kila nyumba ina sindano yake ya kazi hiyo. Jioni ile Rahma, aliyekuwa na miaka ishirini na tayari ameshachumbiwa na kijana wa Nizwa, alichoma sindano kwenye moto wa jiko, akauweka mguu wa mama yake mapajani, akaanza kuchokoa. Hakutoa kitu. Akachokoa tena, hakutoa kitu. Ami Seif, akila chapati zake pale pale kwenye busati, akasema, "Umeingia ndani huo, utatoka wenyewe. Hebu niongezee chai." Basi yakaishia hapo.

Aliyehangaika ni Mama Zuwena mwenyewe, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mwalimu mwenziwe, mgeni, alikuwa akimwazima magazeti ya wanawake ya Kiingereza, naye alikuwa akinisomea mimi na Rahma tukichambua mchele: mapishi ya keki, mishono, barua za mabibi wa Kizungu wanaolalamikia waume zao. Siku moja alisoma makala kuhusu saratani ya ngozi. Ilisema tazama doa linalokua, linalobadilika rangi, lisilo na umbo. Akaacha kusoma. Akaupandisha mguu gotini, akalitazama doa lake, akalitazama gazeti, akalitazama doa tena. Picha iliyokuwemo ilikuwa ya mwanamke mweupe, nywele za dhahabu, amelala ufukweni na chupi. "Hili langu si kama hivi linavyosemwa?" alituuliza. Rahma akacheka. "Mama nawe! Umeota jua wapi weye?" Mama Zuwena hakucheka. Wiki ile ile akaomba ruhusa skuli, akanichukua mimi, tukaenda kliniki.

Jina la daktari silitaji. Wala kliniki yenyewe haipo tena. Alikuwa mtu mzima, mgeni, kavaa suti ndani ya joto lile, na nje kulikuwa na foleni ya watoto wenye macho mekundu. Mama Zuwena alivua soksi. Daktari akatazama kwa mbali, amekaa kitini pake, hakuinuka, hakugusa. Akasema ni damu iliyovia, pengine kwa sababu ya kusimama sana darasani, akaandika marhamu. Ndipo Mama Zuwena akauliza, kwa Kiingereza chake kizuri cha kisomi, nami nilikuwa nimeshakijua cha kutosha kufuata: haiwezi kuwa saratani ya ngozi? Yule bwana alicheka. Alicheka mpaka miwani ikashuka. Akamwambia maradhi hayo ni ya Wazungu wanaolala juani, watu wa rangi yake hawayapati, na yeye bibi hata uso hauoneshi jua, sembuse unyayo. Akafunga kalamu yake. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mama Zuwena alivuta pumzi ndefu akasema, "Alhamdulillahi. Mwanangu, nilikuwa sipati usingizi." Akanifinya shavu, akaninunulia soda ya baridi.

Kisha akaigeuza iwe kichekesho. Kila mgeni aliyekuja alihadithiwa: Zuwena kajipa maradhi ya Kizungu! Alikuwa akiigiza daktari na miwani yake, wanawake wanacheka mpaka wanafuta machozi kwa ncha za mitandio. "Sasa nunua na chupi ya ufukweni, maradhi unayo tayari!" shoga yake mmoja alimwambia, nyumba ikatikisika kwa vicheko. Mimi pia nilicheka. Leo nikikumbuka vicheko vile natamani kuvirudisha vinywani mwao kimoja kimoja. Mtu aliuliza swali la haki. Aliuliza mapema, aliuliza kwa adabu, aliuliza mahali panapostahili kuulizwa, akarudishwa nyumbani na mzaha. Miaka mingi baadaye, daktari wa ngozi wa Maskati, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alinieleza ambacho yule wa mwanzo alipaswa kukijua. Alisema ni kweli weusi wa ngozi unakinga kwa kiasi kikubwa, na watu wa rangi yetu hupata maradhi haya kwa nadra. Lakini nadra si kamwe. Na kwetu mara nyingi huanzia pale pasipofika jua: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Kwa hiyo kukaa kivulini hakukuwa dawa, na mtu anayejiuliza kama yumo hatarini asitazame picha ya mwanamke wa ufukweni, atazame mguu wake mwenyewe. "Na katika jamaa zako, khala, yupo aliyewahi kuugua?" aliniuliza, akiniita mama mdogo kwa heshima. Nikamjibu yupo. Nilipotoka nikampigia simu Rahma, nikamuuliza naye atajibu nini siku akiulizwa. Akaniambia, "Kwetu sisi hakuna, Asila. Mama alipatwa na jicho." Nikamkatia simu.

Harusi ilikuwa baada ya Idi ya mfunguo tatu. Kwa wiki nzima nyumba haikuwa yetu tena. Kulikuwa na wageni mpaka kwenye ngazi, masufuria ya kuazima yaliyoandikwa majina kwa rangi, na halwa ya Nizwa iliyoletwa na wakwe ndani ya bakuli za udongo. Siku ya hina walimweka Rahma katikati, kafunikwa kijani, na baada ya bi harusi ikawa zamu ya mama wa bi harusi. Mpakaji hina alikuwa Bi Shinuna, mnene, mwepesi wa mikono, hodari wa maua na vikuku vya juu ya mguu. Lakini unyayo, kwa desturi ya pale, hauchorwi maua. Unajazwa wote, kutoka kisigino mpaka vidoleni, mpaka unakoza na kuwa mweusi. Mama Zuwena alinyoosha mguu wa kushoto. Bi Shinuna akausimamisha mkono. Doa lilikuwa limeshakuwa na ukubwa wa kokwa ya tende, na upande mmoja limeinuka kidogo. Nilikuwa nimeshika bakuli la hina, kwa hiyo nililiona kama alivyoliona yeye.

"Limekua," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na ikatokea wakati ule ngoma imepumzika. "Mama, hili doa limekua. Turudi kwa daktari." Shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa Nizwa, akageuka kututazama. Mama Zuwena uso ukamshuka. Bi Shinuna akaniangalia kana kwamba nimemwaga maji ya najisi katikati ya busati. "We mtoto huna adabu? Unamtajia mtu maradhi siku ya furaha, na macho yote haya ya watu?" Kisha akamgeukia Mama Zuwena na kumbembeleza. "Usijali bibi. Hapa ntapaka mara mbili, hapaonekani kitu." Akapaka mara mbili. Alichukua donge la hina akakibandika juu ya doa na kukisawazisha kwa kidole gumba, polepole, kwa ustadi mkubwa, na wanawake wakasema mashallah. Mimi nikatolewa nikakune nazi. Nilikuna kwa hasira mpaka nikajikuna vidole.

Hina ilikoza vizuri sana. Kila mtu aliisifu. Na kwa wiki zote zile ilipokuwa nyeusi, halafu nyekundu, halafu ya machungwa, hakuna aliyeweza kuona chini yake kuna nini, na neno lililosemwa nyumbani kila nilipolitaja lilikuwa hilo hilo: subiri hina itoke. Ami Seif alisema subiri hina itoke. Rahma, alipokuja kutusalimia kutoka Nizwa na bangili zake mpya, alisema subiri hina itoke. Mama Zuwena mwenyewe, aliyekwishaanza kukanyagia ukingo wa mguu, alisema, "Mwanangu, usinichoshe, daktari si keshasema?" Hina haikuwahi kutoka yote. Kabla haijamaliza kufifia, asubuhi moja niliikuta damu ndani ya kiatu chake cha skuli.

Kuanzia hapo kila mtu akawa mganga. Kidonda kiliwekewa asali, kikawekewa unga wa mkomamanga, kikafungwa, kikafunguliwa. Hakikufunga. Kisha nyongani pakatokea uvimbe mgumu, na nikamsikia Ami Seif nyuma ya mlango akimwambia kwa upole, "Ah, mtoki tu huo. Mguu ukiwa na kidonda mtoki lazima. Kidonda kikipoa utashuka." Kila Mswahili anaujua mtoki. Ukijichoma mguu unavimba nyonga, ni jambo la kawaida, hata watoto wanajua. Kwa ajili ya ujuzi huo tulikaa na uvimbe ule mwezi mzima, tukausubiri ushuke, nao unakua.

Wakwe ndio walioleta shauri la moto. Palikuwa na mzee Birkat al-Mawz, chini ya mlima, anayesifiwa kwa kuchoma wagonjwa kwa chuma, na wakwe walisema ameponya wengi. Nilidhani Ami Seif angekataa. Alikuwa mtu wa ofisi, msomaji wa magazeti. Hakukataa. Tulipanda gari lake, Mama Zuwena kalala kiti cha nyuma kichwa mapajani mwangu, tukapita Izki, tukaingia kwenye migomba na maji ya mfereji wa falaji yanayokwenda kwa kelele pembeni ya njia. Walituandikia tende na kahawa kwanza, kwa heshima. Chuma kilikuwa kidogo, hakizidi msumari mrefu. Alichomwa juu ya kifundo, na mara ya pili pembeni ya kidonda chenyewe. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, na aliponiachia vidole vyangu vilikuwa havina hisia. Harufu ile sitaieleza. Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani, na tulipokaribia nyumbani akasema neno moja tu: "Nilimuuliza, Asila. Si ulinisikia? Nilimuuliza."

Nilipiga makelele usiku ule mpaka Ami Seif akaninyanyulia mkono. Hakunipiga. Kesho yake akampeleka Maskati. Daktari wa kule, mwanamke, aligusa nyonga kwanza, ndipo akaufungua mguu, na nilimwona akifunga macho kwa nukta moja. Alikata kipande wakakipima. Majibu yalipokuja alivuta kiti akakaa mkabala na Mama Zuwena, akamweleza kwa jina lake: ni saratani ya ngozi, ya aina inayoanzia kwenye chembe za rangi, na imeshapanda. Mama Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, kwa Kiingereza kile kile kizuri, kwamba yeye si Mzungu. "Najua," daktari akamjibu. "Waliokwambia hivyo walikosea." Mguu ulikatwa, na Ami Seif aliwaambia watu mkewe amekatwa kwa ajili ya sukari. Mama Zuwena alikufa kabla ya tende za msimu uliofuata kuanza kuiva. Tulipomwosha nilikuwemo. Mguu uliobaki ulikuwa na hina ya harusi bado kwenye ncha za kucha.

Ile hadithi ya jicho ilianza siku hiyo hiyo, kabla sanda haijakatwa, na Ami Seif aliiacha iendelee. Walimsifu sana kwa subira yake, na wiki hii wamemsifu tena. Alikuwa mtu mwema. Alinisomesha, aliniozesha, nilimlilia kwa dhati. Lakini namkasirikia kaburini mwake. Jicho halina daktari wa kulaumiwa, halina mume aliyesema subiri, halina chuma cha moto. Na jicho halimhusu binti, wala mjukuu. Ndiyo raha yake. Ukisema jicho, kila mtu anakwenda nyumbani na miguu yake bila ya kuitazama.

Haya yote niliyasema pale chumbani, si kwa mpangilio huu, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume. Nilisema saratani ya ngozi, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, wasije wakasema hawakuelewa. Yule jirani aliondoka na mkoba wake. Wa kwanza kusema neno alikuwa Muna, binti mdogo wa Rahma, mwalimu na yeye, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. "Khala, yaani sisi pia? Mimi pia, mguu yangu?" Nikamwambia si lazima, pengine kamwe haitakupata, lakini wewe una sababu ya kutazama kuliko mwengine, nawe hukuwahi kuambiwa. Akavua soksi pale pale. Rahma akamkemea, "Funika miguu, watu wamejaa!" Muna hakufunika. Aligeuza nyayo zake kwenye mwanga wa dirisha, nikazitazama moja moja, katikati ya vidole, chini ya kucha, wanawake wamekodoa macho. Zilikuwa safi. Kisha Muna akamgeukia mama yake. "Mama, yallah. Wewe pia."

Rahma aliisukuma kando sahani ya tende. Amekuwa mnene sasa, magoti yanamsumbua, na anafanana na mama yake kiasi kwamba siku nyengine siwezi kumtazama. Mwishowe alinyoosha mguu wa kushoto akauweka mapajani mwangu, uso kaugeuzia ukutani. Niliushika. Kisigino kimepasuka, na unyayo mzima una rangi ya machungwa, katikati bado nyekundu, iliyokoza.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Sioni," nikasema. "Hina ya Idi haijatoka."

"Basi subiri itoke."

"Mama yako tulisubiri itoke," nikamwambia.

Nilihisi mguu ukikaza mikononi mwangu. Akageuka kutoka ukutani, akaushika mwenyewe, akauvuta karibu na uso wake kadiri goti lilivyomruhusu, na akaanza kuufuta unyayo kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu, akifuta na kufuta, kana kwamba rangi ile ingekubali kutoka.